Uliza Mwalimu: Mawenzi wa angani na moto wa kuazima

Barua za miezi hii zimejaa jambo moja, na lawama ni nyingi kuliko salamu. Naanza na iliyoniuma zaidi.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto watatu, nakaa Kiborloni hapa Moshi. Mwezi wa tatu kijana wangu wa darasa la sita alisoma kwenye simu ya mama yake kwamba tarehe 27 kuna nyota italipuka na itaonekana kwa macho matupu. Akatupandisha sote juu ya zege la jirani na mablanketi, tukakaa kuanzia saa mbili usiku. Saa nne kasoro mvua ikatufukuza. Hatukuona chochote. Tangu siku hiyo nikimwambia asome sayansi ananijibu kwamba wanasayansi ni sawa tu na wale wanaouza mikeka ya mpira. Hiyo nyota ipo, au ni maneno ya mitandaoni? Na kama ipo, inalipuka lini?"

Marahaba, baba wa watatu. Nyota ipo. Vitabuni inaitwa T Coronae Borealis, lakini mimi nimeizoea, naiita T tu. Mpaka naandika majibu haya, Julai 2025, haijalipuka. Kijana hakudanganywa kuhusu nyota. Alichouziwa ni tarehe, tena mwandishi wa habari ile hakumwambia hata saa ya kutoka nje. Usiku wa tarehe 27 Machi, kundi la nyota ambamo T inakaa, Taji la Kaskazini, lilichomoza Moshi saa nne na dakika ishirini hivi, mashariki ukielekea kaskazini. Nyinyi mliondoka saa nne kasoro. Yaani mlikaa kituoni karibu saa mbili mkaondoka kabla basi halijaingia. Mwambie hivyo kijana, aone kwamba tatizo la kwanza lilikuwa saa.

Sasa tarehe yenyewe ilitoka wapi? T imeonekana ikilipuka vizuri mara mbili. Ya kwanza ni tarehe 12 Mei 1866, miaka 23 kabla Mjerumani Hans Meyer hajafika Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro. Ya pili ni tarehe 9 Februari 1946, mama yangu akiwa binti anayechota maji Old Moshi. Kati ya hizo mbili ni miaka 79 na miezi tisa. Ongeza hiyo juu ya Februari 1946 unapata Novemba 2025. Lakini nawe ni mtu mzima, unaiona kasoro ya hesabu hii: matukio mawili yanakupa pengo moja tu. Ni kama mtu aliyeona treni ikiingia Moshi mara mbili katika maisha yake, halafu akakuandikia ratiba. Kuna kumbukumbu za zamani za mwaka 1217 na mwaka 1787 ambazo wataalamu wengine wanadhani ni T hiyohiyo, na zikihesabiwa pengo la miaka 80 linapata nguvu. Lakini kudhani ni kudhani.

Kilichowachangamsha watu safari hii si kalenda, ni mwenendo wa nyota. Kuanzia mwaka 2015 T iling'aa kidogo kupita kawaida yake, kisha mwaka 2023 ikafifia. Kabla ya mlipuko wa 1946 ilifanya vivyo hivyo: iling'aa, ikafifia, ikalipuka. Basi wakasema itakuwa mwaka 2024, kabla ya Septemba. Septemba ikapita. Baadaye akatokea mtaalamu aliyegundua kwamba pengo la mlipuko na mlipuko linagawanyika kwa siku 228 hivi, ambazo ndizo T huzitumia kumzunguka mwenzake (ndiyo, anaye mwenzake, subirini barua ya pili). Akahesabu akapata tarehe 27 Machi 2025. Ikipita hiyo, tarehe 10 Novemba 2025. Ikipita na hiyo, tarehe 25 Juni 2026. Mpe kijana kalenda ahesabu mwenyewe siku kutoka 27 Machi hadi 10 Novemba. Akipata 228 atajua angalau mtu yule hakuokota tarehe barabarani. Mimi siziamini tarehe hizo. Naziandika ili mwezi wa kumi na moja zikianza kuvuma tena mjue zilikotoka, na msipandishe mablanketi juu ya zege kwa ajili ya usiku mmoja.

Maana usiku mmoja ndio unaoumiza. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Leslie Peltier, mtoto wa mkulima wa Ohio, ambaye alikuwa akiiangalia T kwa zaidi ya miaka 25. Hakuwa na shahada ya nyota. Alikuwa na darubini na ustahimilivu. Usiku mmoja wa Februari 1946 aliamka alfajiri kubwa ili aangalie nyota zake kama kawaida, akahisi mafua yanamnyemelea, akarudi kitandani. Usiku huohuo T ikalipuka. Miaka 25 ya kulinda, na mgeni akapita dakika mlinzi aliposinzia. Mzee yule aliandika baadaye kwamba aliendelea kuiangalia, ila urafiki wao ulikuwa umekwisha. Kila nikisoma habari hiyo nacheka, halafu nikiwa na mafua siku yenyewe ninavaa sweta mbili na kutoka nje.

Mwingine ni John Birmingham, wa mji wa Tuam, Ireland. Yeye mwaka 1866 alikuwa anatembea tu kurudi nyumbani karibu na usiku wa manane, akitoka kwa rafiki. Akainua macho, akaona Taji lina nyota ya ziada. Hakuwa ametangaziwa na mtu. Aliiona kwa sababu alilijua Taji lilivyokuwa jana yake. Wangapi walipita njiani usiku ule na wasione kitu?

Basi hilo ndilo nataka kijana alifanye: alijue Taji likiwa tupu. Mwezi huu wa saba ni rahisi kuliko Machi, maana halihitaji kukesha. Saa tatu usiku toka nje, uelekee Mlima. Watu wa Moshi hatuhitaji dira kujua kaskazini. Hata Kibo akiwa amejifunika tunajua alipo. Wa Arusha elekeeni Meru. Juu upande wa kushoto utaona nyota kubwa yenye rangi kama chungwa lililoiva: hiyo ni Arcturus. Upande wa kulia, chini zaidi, kuna nyingine kali yenye weupe wa bluu: hiyo ni Vega. Vuta mstari kutoka Arcturus kwenda Vega. Ukifika theluthi ya njia utakuta nusu duara ya nyota ndogo saba, moja yao iking'aa kuliko wenzake. Hilo ndilo Taji la Kaskazini, na ile inayong'aa ni Alphecca. Msihofu kwamba Mlima utawakinga. Taji liko juu mno, nyuzi kama 60 kutoka upeo. Kinachokinga ni mawingu ya Julai, na hayo sina dawa yake.

Picha za vitabu vya Ulaya zinawachanganya watu wetu. Kule wanalichora Taji kama bakuli lililokaa sawasawa, mdomo juu. Sisi tunaliangalia tukiwa kusini yake, kwa hiyo kwetu limefunikwa, mdomo unaelekea chini kwenye Mlima. Waarabu wa kale waliliita bakuli la maskini, kwa kuwa duara lake limemegeka upande mmoja. Nikilitazama kutoka uani kwangu naona maskini mwenyewe ameshamaliza kula na kulifudikiza.

Sasa fuata ukingo wa bakuli kutoka Alphecca kwenda kulia, uhesabu nyota tatu. Ya tatu ni hafifu, mjini kwenye taa za barabarani hutaiona. Umeme ukikatika mtaani, kimbia nje badala ya kulalamika. Kutoka hiyo ya tatu, panda juu kidogo ukielekea kulia, kadiri ya upana wa kidole cha mwisho mkono ukiwa umeunyoosha. Pale ndipo T ilipo. Hutaona kitu. Hata ukiazima darubini ya safari kwa dereva wa utalii (na mtaa gani wa Moshi au Arusha hauna dereva wa utalii?) hutaona kitu, au utaona vumbi la kubahatisha. T kwa kawaida ni hafifu mno. Ikilipuka itang'aa zaidi ya mara elfu moja ya sasa, ikaribiane na Alphecca, na Taji litakuwa na vito viwili. Itadumu machoni siku kama saba, ikipungua kila usiku, kisha itarudi kujificha.

Mwambie achore nusu duara ile kwenye daftari, apige alama ya msalaba mahali pa T, na kila usiku wa mawingu machache aandike tarehe na neno moja: "tupu". Mimi nina daftari la namna hiyo tangu Februari 2024. Lina "tupu" 143 na "mawingu" ambazo sijazihesabu. Lina pia usiku mmoja wa Agosti ambapo walinzi wa mtaa walinimulika tochi nikiwa nimesimama nyuma ya banda la ng'ombe wa jirani nimeshika darubini, na ilinibidi nieleze Taji lote kuanzia Arcturus ndipo waniachie. Mmoja wao sasa hunipigia simu Mlima ukiwa wazi.

"Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tatu, naishi Sakina, Arusha. Nimesoma kwamba hiyo nyota kwa kweli ni nyota mbili: jitu jekundu ambalo ni nyota iliyozeeka, na kibete cheupe ambacho ni nyota iliyokufa. Halafu wanasema kibete kinalila lile jitu. Mfu anamlaje mzee? Na kwa nini kinacholipuka ni kile kidogo?"

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko majibu mengi niliyosoma, nalo nitalijibu kwa hadithi ya nyumbani.

Bibi yangu alitusimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto. Kila mara moto wake ukizimika anakwenda kwa Kibo kuomba. Kibo anampa moto, na ndizi za kupondwa anampa. Mawenzi akirudi, njiani unazimika tena, anageuka tena. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa, mara ya tatu Kibo akachukua mchi akampiga nao, na ndiyo maana Mawenzi mpaka leo amechongoka na kukwaruzika hivyo, huku Kibo akiwa laini na nguo nyeupe. Kila familia ina namna yake ya kuisimulia. Hiyo ni ya bibi yangu, na mchi aliuonesha kwa mkono.

Sasa wanajiolojia wanakwambia jambo ambalo bibi hakulijua. Kati ya hao wawili, Mawenzi ndiye mkubwa kwa umri. Volkano ya Shira ilianza, ikafuata Mawenzi, Kibo akaja mwisho. Yule anayeonekana mdogo na mnyonge ndiye aliyewaka kwanza, akazimika kwanza.

Na kwa T ni hivyohivyo. Nyota hizi mbili zilizaliwa pamoja, kama pacha. Kile ambacho sasa ni kibete cheupe kilikuwa ndicho kizito zaidi. Usidhani nyota nzito inaishi zaidi kwa kuwa ina fueli nyingi. Land Cruiser ya utalii ina tanki kubwa kuliko bodaboda, lakini zote mbili zikitoka Arusha na tanki zilizojaa, angalia ipi inakula mafuta haraka. Nyota nzito inaunguza haidrojeni yake kwa fujo. Kwa hiyo ile ndiyo iliyozeeka kwanza, ikavimba ikawa jitu kwa zamu yake, ikapuliza ngozi zake za nje angani, na kilichobaki ni kiini: kitu kinacholingana kwa ukubwa na Dunia yetu, lakini chenye uzito wa kama Jua moja na theluthi. Kijiko cha chai cha kitu hicho kina tani kadhaa. Hakiunguzi tena fueli yake mwenyewe. Kinang'aa kwa joto lililobaki, kama makaa yaliyofukiwa majivuni jioni ili asubuhi yafukuliwe. Ukiita mfu ni sawa, lakini ni mfu wa namna ya makaa yale: ukimletea nyasi kavu utajuta.

Pacha wake, aliyekuwa mwepesi, ndiye anayezeeka sasa. Haidrojeni ya katikati imekwisha, kiini kimejikunja, na ngozi ya nje imetanuka mpaka nyota nzima imekuwa makumi ya mara upana wa Jua. Ikitanuka inapoa, na nyota ikipoa rangi yake inaelekea wekundu. Ndiyo hiyo wanaiita jitu jekundu. Jua letu nalo litapitia huko baada ya kama miaka bilioni tano.

Kulana kwao kunakwendaje? Wewe ni wa Arusha, lakini naamini umewahi kuona mfongo, ule mfereji wa kizamani wa Wachagga unaotoa maji korongoni na kuyapeleka kihambani. Fikiria mabonde mawili yaliyopakana, kati yake kuna mgongo wa ardhi, na mgongo huo una mahali pamoja palipoinama. Kila nyota ina bonde lake, bonde la mvuto. Jitu jekundu limevimba mpaka bonde lake limejaa hadi ukingoni. Linapoendelea kuvimba, gesi inamwagika pale palipoinama, inaangukia bonde la jirani. Kibete hakijanyoosha mkono. Kimekaa tu, na mfongo unaleta.

Gesi ile haianguki moja kwa moja. Nyota zote mbili zinazungukana, kwa hiyo inafika ikiwa na mzunguko, inajiviringisha kuzunguka kibete kama maji yanavyozunguka tundu la sinki kabla ya kushuka. Polepole inatua juu ya kibete. Ni haidrojeni kwa wingi, yaani fueli mbichi, inatandazwa juu ya jiwe la moto lenye mvuto wa kutisha. Tabaka linaongezeka mwaka hadi mwaka. Chini ya tabaka panabanwa, na panapobanwa panachemka, mpaka joto linafika mamilioni ya nyuzi na haidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu.

Hapa ndipo penye ujanja, na mwalimu wako wa fizikia asipokueleza mwulize. Gesi ya kawaida ukiipasha moto inatanuka, na ikitanuka inapoa, kwa hiyo inajituliza yenyewe. Jua letu linaishi kwa amani kwa sababu hiyo. Lakini gesi iliyoko chini ya tabaka lile imebanwa kupita kiasi hata haina tabia hiyo tena. Inapata joto na haitanuki. Haitanuki, kwa hiyo haipoi. Haipoi, kwa hiyo inaungua haraka zaidi, na kuungua kunaleta joto jingine. Ni sufuria ya presha ya makande iliyoziba kipumuo. Wakati gesi inapokumbuka kutanuka umeshachelewa: tabaka zima linarushwa angani kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Ndicho tunachokiona kama nyota mpya, nova kwa jina la kitaalamu.

Umeuliza kwa nini kinacholipuka ni kile kidogo. Ni kwa sababu udogo wake ndio nguvu yake. Jitu limelegea, mvuto wa ngozi yake ni hafifu, haliwezi kubana kitu. Kibete kimekusanya uzito wa nyota ndani ya nafasi ya sayari, kwa hiyo kinachoanguka juu yake kinapondwa kama ndizi za Kibo kwenye kinu.

Na hapa hadithi ya bibi inaachana na anga. Kwa Mlima, mwombaji alipigwa na mwenye moto. Kwa T, mwombaji ndiye anayelipuka, na wote wawili wanabaki wazima. Kinachorushwa ni tabaka la juu tu. Kibete kinabaki, jitu linabaki, mfongo unaendelea kumwagika, na kazi ya kukusanya inaanza upya kwa miaka mingine 80 hivi. Kuna uzito ambao kibete cheupe hakiwezi kuuzidi bila kuvunjika kabisa, kama mara 1.4 ya Jua. Aliyeukokotoa ni Subrahmanyan Chandrasekhar, mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka 19 melini kutoka India kwenda Ulaya kusoma. Kibete cha T kimeukaribia uzito huo, na hicho ndicho kinachokifanya kiwe na haraka: vibete vyepesi hukusanya maelfu ya miaka kabla ya kulipuka mara moja.

Nikuongezee jambo dogo la kutafuna. Mwaka 1866, siku chache tu baada ya mlipuko, Mwingereza William Huggins aliipitisha nuru ya T kwenye kioo cha kuchambua rangi, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyiwa nova yoyote. Akakuta mistari mikali ya haidrojeni. Jibu la nini kinachoungua lilikuwepo tangu mwaka huo. Kilichochukua muda ni kujua imetoka kwa nani.

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama lishe wa Himo, stendi. Kuna mhubiri hapa anasema hiyo nyota ikilipuka moto utafika duniani, na wateja wangu wawili wameacha kulipa madeni wakisema hakuna haja. Nisaidie."

Nzuri, dada yangu. Wadai leo hii. T iko mbali kama miaka 3,000 ya mwendo wa nuru, na mwaka mmoja tu wa mwendo huo ni kilomita trilioni tisa na nusu. Milipuko ya 1866 na 1946 haikuunguza hata jani la mgomba. Isitoshe, mlipuko tunaousubiri ulishatokea: kama utaonekana kesho, ulitokea miaka 3,000 hivi iliyopita na nuru yake bado iko njiani. Kama ungekuwa wa kutuunguza, hata kuahirisha madeni kusingesaidia. Kuhusu ishara sitabishana na mhubiri, sikusomea huko. Nilichosomea ni umbali.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi dereva wa watalii, natokea Kijenge, Arusha. Kambini usiku wageni wananiuliza juu ya nyota nyekundu iliyo juu kabisa upande wa kusini mwezi huu. Nimekuwa nikiwaambia ni Mirihi. Mmoja alinicheka. Ni nini?"

Marahaba mwanangu. Alikucheka kwa haki, ingawa angeweza kukueleza kwa adabu. Mirihi mwezi huu wa Julai 2025 iko magharibi, hafifu, na inazama mapema. Unayoionesha ni Antares, moyo wa Nge. Hata Wagiriki waliona inafanana na Mirihi, ndiyo maana wakaipa jina lenye maana ya mshindani wa Mirihi, kwa rangi.

Itakufaa kuliko Mirihi, maana nayo ni jitu lililozeeka lenye mwenzake. Antares ni kubwa hata kuliko jitu la T: mamia ya mara upana wa Jua. Ukiiweka mahali pa Jua, Dunia ingekuwa ndani yake. Mwenzake ni nyota moto yenye weupe wa bluu, ila mwanga wa Antares unaimeza. Inataka darubini nzuri ya mguu na hewa iliyotulia. Hawa wawili hawako karibu kama wale wa T, na mwenzake huyu si kibete cheupe, kwa hiyo usiwaambie wageni wasubiri nova. Antares ina mwisho wake mwingine: ni nzito kiasi kwamba siku moja itaanguka ndani na kulipuka yote, mlipuko mkubwa usiobakiza nyota ile. Siku hiyo inaweza kuwa baada ya maelfu mengi ya miaka. Usichukue oda.

Kuna mpangilio mmoja mwezi huu utakaokupa bakshishi. Saa tatu na nusu usiku, zimeni taa za kambi na muache macho yazoee dakika kumi. Wasimamishe wageni wakitazama kusini, waoneshe Antares ikiwa juu, nyekundu, isiyohitaji darubini. Kisha waambie wageuke nyuma. Upande wa kaskazini, karibu kimo kilekile, kuna bakuli lililofudikizwa. Wape darubini yako ya safari, waoneshe nyota ya tatu kutoka Alphecca, upana wa kidole kimoja juu yake kulia. Wakikuambia hawaoni kitu, waambie na wewe huoni. Wakikuambia wanaona nyota pale, tena inayong'aa kama Alphecca, usibishane nao: nitumie ujumbe hata kama ni saa tisa usiku. Simu yangu nalala nayo chini ya mto.